Volti, ampea na omu: hesabu inayousahau waya

Mjini Kigoma neno "umeme mdogo" limebebeshwa mizigo mingi. Mama mwenye nyumba mwisho wa laini kule Gungu analisema saa moja jioni, friji inapoguna bila kuanza kazi. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi analisema akiwa ziwani, taa ya ncha ya mbali inapofifia huku ile iliyo jirani na betri iking'aa vizuri. Wanaoishi karibu na karakana ya kuchomelea mageti wanalisema kila fundi anapogusisha fimbo kwenye chuma na taa za sebuleni zikapepesa. Mwenye sola naye analisema akishangaa paneli "ya volti 12" kusoma volti 21 mchana, halafu betri ikamwacha gizani kabla ya saa nne usiku. Lawama zinagawanywa kwa transfoma, kwa betri, kwa fundi, kwa mwenye duka.

Kwa miaka mingi Kigoma iliwashwa na majenereta ya dizeli, ikiwa nje ya gridi ya taifa. Sasa umeme wa gridi upo, sola zimeenea vijijini, na betri zimechukua nafasi ya karabai kwenye mitumbwi mingi ya dagaa. Mtu mmoja anaweza kushika umeme wa aina tatu kwa siku moja: wa nyumbani wa volti 230, wa paneli na wa betri. Ndiyo maana kuchanganya volti na ampea kunatugharimu kuliko zamani, na safari nyingine gharama yenyewe ni nyumba kuungua.

Hesabu inayohitajika ni ya kuzidisha na kugawanya, na kila aliyepita sekondari aliwahi kuiandika daftarini. Tatizo ni pale tunapoitumia. Tunahesabu taa, tunahesabu betri, tunahesabu birika. Waya tunausahau, kana kwamba ni njia tupu isiyo na mchango wowote. Waya nao una ukinzani wake, na mengi ya malalamiko hayo yamejificha humo.

Maneno matatu kwanza

Volti ni kipimo cha msukumo, yaani nguvu inayousukuma umeme upite. Ampea ni kipimo cha mkondo, yaani kiasi cha umeme kinachopita mahali fulani kila sekunde. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme usipite kwa urahisi.

Tazama maji ya mjini kwetu. Yanavutwa kutoka Ziwa Tanganyika, yanapandishwa kwenye matangi ya milimani, kisha yanashuka majumbani. Kadiri tangi linavyokuwa juu zaidi ya bomba lako, ndivyo presha inavyokuwa kubwa: hizo ndizo volti. Lita zinazotoka kwa dakika moja ndizo ampea. Wembamba wa bomba, urefu wake na kutu iliyomo ndani ndio ukinzani. Unaweza kuwa chini kabisa ya mlima, tangi liko juu sana, na bado ndoo ikachelewa kujaa kwa sababu bomba lako ni jembamba na ni refu. Presha ipo, maji hayapiti.

Mfano huo una mahali unapoishia. Bomba likikatika maji humwagika. Waya ukikatika umeme husimama. Umeme unahitaji njia ya kwenda na njia ya kurudi, mzunguko uliofungwa kabisa, na huo mzunguko ndio unaoitwa saketi. Jambo hili litatusaidia mbele kidogo, kwa sababu taa iliyo mita kumi kutoka kwenye betri ina mita ishirini za waya: kumi za kwenda, kumi za kurudi.

Aliyeunganisha vipimo hivi vitatu ni Mjerumani Georg Simon Ohm, mwalimu, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Namna alivyoipata inatuhusu sana: alichukua waya za urefu tofauti, akapima mkondo unaopita katika kila mmoja. Kanuni nzima ilizaliwa kwenye waya. Inasema hivi: volti ni ampea mara omu. Ukiigeuza, ampea ni volti gawanya kwa omu, na omu ni volti gawanya kwa ampea. Ongeza moja tu: wati, yaani kasi ya kutumia umeme, ni volti mara ampea.

Chukua pasi iliyoandikwa volti 230, wati 1000. Gawanya 1000 kwa 230, unapata ampea 4.35. Gawanya 230 kwa 4.35, unapata omu 53 hivi. Basi, umeshaijua pasi hiyo bila kuifungua. Birika la umeme la wati 2000 linavuta ampea 8.7 na lina ukinzani wa omu 26 na nusu. Angalia vizuri: chenye wati nyingi zaidi ndicho chenye ukinzani mdogo zaidi. Wengi hudhani kinyume chake.

Nani anayeamua ampea?

Hapa ndipo palipo na uvumi mwingi kuliko pote. "Usitumie chaja ya ampea tatu, itaunguza simu." "Betri hiyo ni kubwa mno, ni ya 100, taa zako ndogo zitapasuka." Hofu hiyo inaeleweka, lakini hesabu inaikataa.

Betri au chaja inaleta volti. Ampea zinaamuliwa na kile ulichokichomeka. Pasi ya omu 53 kwenye volti 230 itavuta ampea 4.35, hata kama nyuma ya soketi yupo Mtera, Kidatu na mabwawa yote ya nchi. Namba ya ampea iliyoandikwa kwenye chaja inaeleza uwezo wake wa juu, yaani hadi ampea tatu nikihitajika. Simu inayohitaji ampea moja itachukua moja. Kinachoua kifaa ni volti zisizo zake: taa ya volti 12 ukiichomeka kwenye volti 24, msukumo umekuwa mara mbili, na kama ni ya waya wa kuwaka joto litapanda kupita mara mbili.

Betri ya volti 12 iliyoandikwa 7 na nyingine iliyoandikwa 100 zina msukumo uleule. Namba hizo ni ampea-saa, akiba ya ndani. Taa za ampea tano zikiwaka saa nane ziwani zimekula ampea-saa 40. Betri ya 100 itarudi pwani ikiwa salama. Ile ya 7 isingefikisha hata saa mbili. Na kwa betri za risasi na asidi, zile tulizozoea, ni vizuri kutopita nusu ya akiba yake, kwa sababu zikizoea kukaushwa hufa mapema. Mwenye duka asipokuambia hilo, muulize.

Hatari iko upande mwingine, kwa chaja dogo lililolazimishwa kazi kubwa. Simu ikiomba ampea mbili kwa chaja la bei rahisi la moja, chaja linachemka mpaka plastiki yake inanuka.

Taa ya mwisho ya mtumbwi

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa sababu dagaa hufuata mwanga, na migebuka huwafuata dagaa. Mwanga ukififia, wavu unapanda na kidogo. Kwa hiyo swali la taa hafifu ni swali la kipato cha watu.

Tuseme betri ni ya volti 12 na taa zote kwa pamoja ni wati 60. Gawanya 60 kwa 12: ampea 5. Waya uliotumika ni ule mwembamba wa pacha, wa nusu milimita ya mraba, unaouzwa kwa bei ya kumvutia kila mtu. Taa zipo mita kumi kutoka kwenye betri.

Shaba yenye unene wa milimita moja ya mraba ina ukinzani wa takriban omu 0.017 kwa kila mita. Waya wa nusu milimita una mara mbili ya hapo, 0.034. Njia ya kwenda na kurudi ni mita 20, kwa hiyo ukinzani wa waya mzima ni 20 mara 0.034, yaani omu 0.68. Namba hiyo inaonekana ndogo kiasi kwamba mtu anaidharau. Sasa izidishe kwa ampea 5. Unapata volti 3.4.

Karibu volti tatu na nusu zimeishia njiani. Betri inatoa 12, taa inapokea 8.6. Katika wati 60 zilizotoka kwenye betri, wati 17 zinaupasha moto waya bila kumulika hata dagaa mmoja. Mvuvi anabadilisha taa, hazing'ai. Ananunua betri mpya, zinang'aa kidogo kwa sababu ya upya wake, kisha zinarudi palepale. Akiweka waya wa milimita mbili na nusu, ukinzani unashuka hadi omu 0.14 na volti zinazopotea ni 0.7 tu. Taa inapokea 11.3. Taa ni zilezile na betri ni ileile.

Hesabu hiyo nimeifanya kama vile ampea zinabaki 5 muda wote. Taa za LED haziitii kanuni ya Ohm kwa unyoofu kama pasi inavyoitii. Nyingine zikipata volti pungufu huvuta kidogo, nyingine zenye kifaa cha kurekebisha ndani huvuta zaidi ili kufidia. Ukizipima omu kwa mita, kile kifaa cha kupimia umeme, hutapata jibu la maana. Lakini waya wenyewe ni shaba, na shaba inaitii kanuni hiyo kikamilifu. Kwa hiyo kwenye taa za LED soma wati zilizoandikwa, tafuta ampea, kisha peleka hesabu kwenye waya.

Sasa chukua waya uleule mwembamba, mita kumi zilezile, uwashe taa ya wati 60 kwa umeme wa nyumbani wa volti 230. Ampea zinakuwa 0.26. Zidisha kwa omu 0.68: zinapotea volti 0.18, ambazo hakuna jicho litakaloziona. Kazi ni ileile, waya uleule, hasara imetoweka, kwa sababu msukumo mkubwa unahitaji mkondo mdogo kufanya kazi ileile. Hiyo ndiyo sababu ya minara mirefu: mradi wa laini ya kuleta umeme wa gridi Kigoma kutoka Nyakanazi ni wa kilovolti 400, yaani volti 400,000. Kwa volti 230, umeme usingevuka hata kata moja. Na ndiyo sababu mwenye sola ya volti 12 anahitaji waya mnene kuliko jirani yake mwenye umeme wa gridi, ingawa silika inamwambia kwamba umeme wake ni "mdogo" na waya wowote unafaa.

Volti bila mkondo

Turudi kwa paneli iliyoandikwa 12 na kusoma 21. Haina kosa. Mita inapoguswa kwenye paneli isiyofungwa popote, karibu hakuna ampea inayopita, na pasipo ampea hakuna volti inayopotea. Unaona msukumo wote. Paneli imetengenezwa makusudi izidi 12 kwa sababu betri ya volti 12 inahitaji zaidi ya volti 14 ili ijae. Ukiifunga kwenye betri kupitia kidhibiti chaji, volti zinashuka na mkondo unaanza kufanya kazi.

Betri iliyochoka inadanganya kwa njia hiyohiyo. Asubuhi inasoma 12.6, mwenye nayo anaapa kwamba ni nzima. Washa taa za ampea 5 mita ikiwa bado imegusa vichwa vya betri: inashuka hadi 11.1. Volti 1.5 zimepotelea ndani ya betri yenyewe. Gawanya kwa 5, unapata omu 0.3 za ukinzani wa ndani. Betri nzima ya ukubwa wa ile ya gari huwa na takriban omu 0.01 hadi 0.02. Yenye 0.3 imekwisha, hata ikisoma 12.6 ikiwa imepumzika. Kwa hiyo ukienda kununua betri iliyotumika, usikubali kipimo cha betri iliyokaa kimya kwenye rafu. Mwambie muuzaji aiwashie taa ya gari kwanza, halafu pimeni.

Vifaa vinapoungana

Kuna namna mbili za kuunganisha. Ya mfululizo, kimoja nyuma ya kingine, mkondo uleule unapita vyote na omu zinajumlishwa: taa mbili za omu 12 zinakuwa 24, kila moja inapata nusu ya volti, na moja ikiungua zote zinazima. Ya sambamba, kila kifaa kina njia yake kwenye volti zote, na hapo kinachojumlishwa ni ampea. Nyumba zetu zimefungwa sambamba. Betri mbili za volti 12 zikiwekwa mfululizo zinatoa 24. Zikiwekwa sambamba volti zinabaki 12 na akiba inaongezeka.

Kumbuka hili la kujumlisha ampea, maana ndilo linalochoma nyumba. Ekstensheni ina matundu manne, na kila tundu linaonekana kama ruhusa. Birika la wati 2000 limo, pasi ya 1000 imo. Jumla wati 3000, ampea 13. Zote hizo zinapita kwenye waya mmoja wa ekstensheni, ambao kwa zile za bei rahisi mara nyingi ni wa milimita 0.75, waya unaostahili ampea 6 hivi.

Joto linalozalishwa ndani ya waya ni ampea mara ampea mara omu. James Prescott Joule, Mwingereza, aliithibitisha kanuni hii mwanzoni mwa miaka ya 1840. Ampea zinazidishwa zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Ekstensheni ya mita tano ina mita kumi za waya na omu 0.23. Kwa ampea 6.5 inatoa wati 9.7 za joto, hata mkono hausumbuki. Kwa ampea 13 inatoa wati 39. Ukiwa umeikunja na kuisukuma chini ya zulia au nyuma ya kochi, joto hilo halina pa kwenda.

Kibaya zaidi ni kiungo kilicholegea. Waya wenye omu 0.23 umelisambaza joto lake kwa mita kumi. Kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kufungwa selotepu nyeusi kinaweza kuwa na nusu omu peke yake, mahali pasipozidi ukucha. Zidisha: 13 mara 13 mara 0.5 ni wati 84, kwenye ukucha. Ukikifungua kiungo cha namna hiyo utaona yote: selotepu imekauka na kukatika kama ganda la kitunguu, gundi yake imetiririka, shaba imegeuka kutoka wekundu kuwa rangi ya zambarau na nyeusi, na plastiki ya waya imerudi nyuma kwa sentimita nzima kana kwamba inakimbia. Ilipofikia hapo, ilikuwa inatoa harufu kwa wiki kadhaa. Harufu ya samaki aliyeoza au plastiki iliyoungua karibu na soketi isipuuzwe hata usiku mmoja.

Tena fyuzi au sakitibreka haitakuokoa hapo. Inahesabu ampea tu, na ampea 13 kwake ni kawaida. Haijui kama kuna kiungo kinachowaka ukutani.

Na kuna jambo la waya zenyewe. Sokoni zipo waya za alumini zilizopakwa shaba kwa nje. Kwa macho ni shaba tupu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, si shaba. Ukinzani wa alumini ni kama mara moja na nusu ya shaba na zaidi, kwa hiyo "mbili na nusu" ya namna hiyo inafanya kazi kama shaba ya moja na nusu, na alumini hulegea kwenye skrubu za soketi kadiri inavyopata joto na kupoa. Ukichanganya waya wa aina hiyo na ekstensheni iliyojaa, umeshajenga jiko ukutani.

Volti au ampea, kipi kinachoua?

Kila kijiwe kina jibu lake. Jibu la hesabu ni kwamba kinachodhuru ni mkondo unaopita mwilini, na mkondo huo unaletwa na volti na kuzuiwa na ukinzani wa mwili wako. Mkono mkavu unaweza kuwa na omu elfu kumi au zaidi. Ngozi iliyolowa, hasa ukiwa umesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji, inaweza kushuka hadi elfu moja hivi.

Gawanya 230 kwa 1000: ampea 0.23, yaani miliampea 230. Miliampea 30 zikidumu kupita kifuani zinatosha kuuhatarisha moyo, na ndiyo maana vile vikata-umeme vya uvujaji ambavyo mafundi wanaviita RCD hukata kwenye 30. Sakitibreka ya kawaida ya ampea 20 haitahisi lolote mtu akiwa ameng'ang'aniwa. Nyumba yenye bafu lenye hita ya maji na isiyo na RCD, naomba mwenye nayo aanzie hapo kabla ya kununua televisheni kubwa.

Betri ya volti 12 kwa mkono mkavu inapitisha miliampea 1.2, hutahisi. Kwa hiyo mtu anasema haina madhara. Ila dondosha spana ikagusa vichwa vyote viwili: ukinzani wa njia nzima unaweza kuwa omu 0.02, na 12 gawanya kwa 0.02 ni ampea 600. Spana inawaka, pete ya kidoleni ikiwa njiani inawaka na kidole, na gesi inayotoka kwenye betri inayochajiwa inaweza kulipuka. Hiyo ndiyo shoti hasa: njia ambayo omu zake zimekaribia sifuri.

Jioni kwenye mwisho wa laini

Sasa yule mama wa Gungu. Saa moja jioni nyumba zote za laini yake zimewasha vitu, vyote sambamba, ampea zinajumlishwa kwenye waya mmoja unaotoka transfoma. Tuseme sehemu ya waya wanayoshirikiana ina omu 0.4 na jumla ya ampea ni 100: volti 40 zimepotea kabla ya kufika kwake. Karakana ya kuchomelea ikivuta ampea 30 za ghafla, volti 12 nyingine zinaanguka na kurudi, zinaanguka na kurudi, sawasawa na mdundo wa fimbo kwenye chuma. Fundi hana hila. Anashirikiana waya na wewe.

Volti zikishuka hadi 180, birika la omu 26 na nusu linavuta ampea 6.8 na kutoa wati 1225 badala ya 2000. Maji yaliyokuwa yanachemka kwa dakika tano sasa yanataka zaidi ya nane. Wengi wanasema umeme mdogo unakula uniti. Kwa birika na pasi si kweli: linachukua muda mrefu zaidi kwa wati chache zaidi, na uniti zinakaribia kuwa zilezile, ziada ikiwa ni joto linalotoroka wakati unasubiri. Kwa friji na pampu malalamiko yana msingi. Mota ikikosa msukumo wa kuanza, inakwama na kuvuta ampea nyingi mno, na joto la ampea mara ampea linaunguza koili zake. Birika unaweza kulisubiri. Friji izime mpaka volti zirudi.

Kabla ya kulaumu, upo uwezekano wa kujua waya mbovu uko upande gani. Fundi mwenye leseni na mita anapima volti kwenye soketi bila mzigo, tuseme 228. Anawasha birika, anapima tena: 205. Zimeanguka volti 23. Kwa volti 205 birika linavuta ampea 7.7. Gawanya 23 kwa 7.7, unapata omu 3 hivi za ukinzani njiani. Waya wa alumini wa milimita 16 kutoka nguzo iliyo mita 60, kwenda na kurudi, hauzidi omu 0.2 na kidogo. Tatu ni nyingi mno kwa waya mzima; mahali fulani kuna kiungo kibovu, na kinapika wati 170 na zaidi kila birika linapowaka.

Anarudia kipimo kilekile pale umeme unapoingilia, kwenye bodi ya sakitibreka, birika likiwa bado linawaka. Kama hapo volti zimebaki 226, omu zile tatu ziko ndani ya nyumba yako, kwenye soketi au kiungo cha darini, na ni kazi ya fundi wako leo hiihii. Kama hapo pia zimeanguka hadi 206, ubovu uko kabla ya bodi, upande wa mita na nguzo, pasiposhikwa na mtu isipokuwa shirika la umeme. Ukipiga simu, wape namba zote mbili pamoja na saa uliyopima: 228 bila mzigo, 206 kwa mzigo wa ampea 7.7.